Hedifoni Iliyobaki Kichwani

Kicheko ndicho kilichomfikia kwanza. Kilikuwa kifupi na kikavu, kama cha mtu anayetema kokwa ya ubuyu, na kilitokea upande wa ngazi. Khalfani hakumwona aliyecheka. Macho yake yalikuwa yamefungwa kitambaa cheusi, na ndiyo kwanza alikuwa amevuliwa hedifoni ya kijana mmoja aliyetoka Mbagala mbio mbio kuja kuulizia kama ameuziwa mali au ameuziwa takataka.

"Nani anacheka?" aliuliza, shingo juu, kitambaa bado kiko usoni.

Waliomzunguka walinong'onezana tu. Khalfani akaona amalize kwanza hukumu, maana mteja alikuwa amesimama mbele yake kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

"Mwanangu, hii umepigwa," alimwambia. "Besi yake ni mtu anagonga ndoo tupu. Mwimbaji karudi nyuma, yuko chooni huko anaimba peke yake. Na kule juu kuna mchanga. Unausikia mchanga?"

Kijana akaivaa, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Daah. Kweli kaka. Mchanga upo."

"Jana ulikuwepo?"

"Jana sikuusikia."

"Jana ulikuwa hujaniona mimi."

Watu wakashangilia. Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda kila siku pale ghorofa ya pili, katika jengo moja la Mtaa wa Aggrey ambalo kuanzia chini hadi juu huuza simu na vyote vinavyochomekwa kwenye simu. Khalfani alikuwa winga, mtu wa kumpeleka mteja dukani na kupata chake kidogo. Lakini usingethubutu kumwita winga mbele yake. Mawinga wengine walikimbizana na wateja barabarani, wakiwavuta mikono, wakiwaita "bosi" watu wasio na hata nauli ya kurudia. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki juu ya ngazi, na wateja wakapanda kumfuata. Walimwita Sikio.

Na Sikio aliwadharau wote. Aliwadharau wauzaji wanaosema "orijino" kama watu wanavyosema "habari". Aliwadharau wateja wanaonunua rangi. Zaidi ya wote aliwadharau wale wanaoshika hedifoni mkononi na kuuliza, "Hii inapiga sana?" Jibu lake lilikuwa moja: "Hata mlango unapiga. Kanunue mlango."

Kiburi hicho kilikuwa na nguzo yake. Zamani, akiwa bado mvulana kwao Gerezani, aliwahi kuvaa hedifoni moja nyeusi ya baba yake, na tangu siku hiyo hakusikia tena kitu cha namna ile. Ilipotea miaka mingi iliyopita, lakini sauti yake aliibeba kichwani kama wengine wanavyobeba sura ya mchumba wa kwanza. Kila hedifoni iliyopita masikioni mwake aliipima kwa ile. Na kila mara alisema neno lile lile, taratibu, kwa huzuni ya mtu aliyezoea kuishi na watu wa hali ya chini: "Haifiki."

Alifungua kitambaa. Aliyecheka alikuwa Hyasinta.

Hyasinta, mtu wa Mbinga, alikuwa na fremu ndogo ya duka pale kona, ghorofa hiyo hiyo. Katika jengo zima, yeye peke yake hakuwahi kumpa Khalfani hedifoni ya "kujaribu". Wengine walimpa na hawakuidai tena, maana sifa ya Sikio ilikuwa inauza kuliko taa za dukani. Siku alipopeleka mkono kwa Hyasinta, dada yule alimjibu bila hata kuinua macho kwenye hesabu zake: "Kaka, hapa wananunua. Ukitaka kuonja, nenda Feri kwa wakaanga samaki."

Hakumsamehe. Na nafasi ilikuja yenyewe. Mama mmoja alipanda ngazi akiwa ameshika hedifoni kwa ncha za vidole, akasema, "Mwanangu, nimenunua kwa yule dada wa kona. Bei yake ndogo mno, moyo wangu hautulii." Khalfani aliipokea, akaipima uzito kiganjani, akapitisha kidole kwenye maungio, akajifunga kitambaa, akasikiliza. Kisha akatamka, simu kadhaa zikimrekodi: "Kopo. Kopo la maziwa lenye waya." Maneno hayo yalizunguka mji mzima. Tangu siku hiyo watu walipita mlangoni kwa Hyasinta wameshika pochi zao, kana kwamba ndani mnauzwa ukoma.

"Mchanga hata mimi nauona," Hyasinta alisema sasa, akimtazama yule kijana wa Mbagala. "Umejaa masikioni mwa huyu mtoto. Umemmwagia wewe."

"Dada, biashara ikikushinda usimalizie hasira kwa watu."

"Biashara haijanishinda. Nimeshindwa na mdomo wako. Mzee Saif kaniita. Kesho baada ya alasiri anataka ufunguo wake. Anasema jengo lake halilei wauza feki."

Mzee Saif ndiye mwenye jengo, aliyelirithi kwa babu yake, na neno lake halikuwa na rufaa.

"Pole," Khalfani alisema, na hakuwa na pole yoyote.

"Pole kaa nayo. Mimi nimemwomba kitu kimoja, kakubali. Kesho utawekewa hedifoni tatu. Moja ya kwangu, mbili atachukua mwenyewe kwenye maduka anayoyaamini. Wimbo mmoja. Macho ufunge kama kawaida yako. Ila hushiki kwa mkono."

"Kwa nini nisishike?"

"Kwani unasikiliza kwa mkono?"

"Oyaaa!" walipiga kelele waliosimama, na mmoja akampiga mwenzake mgongoni kwa furaha. Watu wale walikuwa wa yeyote aliyesema la mwisho.

"Ukiikosa ya kwangu," Hyasinta aliendelea, "utasema mbele ya hawa hawa kwamba hukuwa unajua ulichokisema. Ukiipata, ufunguo nautoa kwa mkono wangu. Mzee hatanisubiri."

Khalfani akasimama. Alikuwa mrefu, na alipenda kusimama. "Dada Hyasinta, kopo lako nitalitambua hata ukinifunga na masikio."

Jioni ile alirudi Gerezani akitembea kifua mbele. Alikuwa anakaa na dada yake Moza kwenye vyumba viwili walivyoachiwa na wazazi, nyuma ya karakana ya wakata vyuma. Moza alikuwa chini kwenye mkeka, amezungukwa na maboksi, maana mvua ilikuwa imevuja juu ya kabati na ilibidi kila kitu kishushwe.

"Umepata mgeni," alimwambia kabla hajavua viatu, akamrushia kitu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu.

Khalfani akafungua. Ilikuwa nyeusi. Upande wa kushoto ilikuwa na ufa uliofungwa kwa gundi, alama aliyoijua kama anavyojua kovu la goti lake mwenyewe.

"Ilikuwa wapi?"

"Juu ya kabati, kwenye boksi la sahani za msiba. Kila siku unaililia kwenye simu za watu, 'haifiki, haifiki', na mwenzio ilikuwa inakuangalia kutoka juu."

Alifuta ncha ya waya kwa shati, akachomeka kwenye simu, akatafuta taarabu ile ya zamani anayoitumia kupimia kila kitu, yenye fidla nyingi na ngoma inayotembea chini kwa chini. Akakaa kitako. Akafumba macho kama mtu anayeingia nyumbani.

Lilikuwa kopo.

Hata kopo la Hyasinta lilikuwa na adabu kuliko hili. Fidla zilikwaruza, ngoma ilikuwa kohozi, mwimbaji alikuwa amefunikwa blanketi. Khalfani akaivua, akapuliza tundu la waya, akachomeka upya. Kopo. Akageuza kulia kushoto. Kopo.

"Vipi, imefika?" Moza aliuliza.

"Imeharibika. Sponji zimekufa."

"Sponji kweli zimekufa, naziona. Ila hizo ngoma zinatokea kwenye sponji?"

"Na spika zimezeeka. Vitu hivi hukauka, Moza, huwezi kuelewa."

"Ni kweli, mimi siwezi. Mimi sikio langu la kusikilizia mchele ukiungua." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Kuna pahala humu pa kuongeza besi, mwenzangu mmoja wa kikoba alinionyesha. Vaa hiyo, nikurekebishie."

Akaivaa. Moza akageukia ukutani, akawa anabonyeza simu huku amekunja uso kama fundi. Wimbo ulikuwa unaendelea.

"Sasa je?"

Khalfani alisikiliza. Kisha uso wake ukafunguka. "Eeh! Hapo sasa! Hapo ndipo penyewe. Unaisikia ile ngoma ilivyojaa? Fidla nazo zimeachana, kila moja inasimama kwake. Si nilikwambia? Si nilikwambia, Moza? Hakuna kitu Kariakoo nzima kinachosogea hapa!"

Moza akamgeuzia kioo cha simu. Palikuwa na ujumbe mrefu wa wanawake wa kikoba chake cha akiba wakigombana kuhusu sare.

"Sijagusa kitu, Khalfani. Nilikuwa nasoma ugomvi."

Alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na masikio yake, yale yale yaliyompa jina, yakawaka moto. Wimbo haukuwa umebadilika. Aliendelea kuusikiliza, na mbele ya macho ya dada yake akausikia ukirudi kuwa kopo, polepole, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka.

"Unajua mara ya kwanza kuivaa hiyo ilikuwa lini?" Moza alisema, sasa akipanga sahani. "Msiba wa baba. Ndani wanawake tunalia, nje wajomba wanagombana nani asimamie nini, na wewe umejikunyata chini ya cherehani umeziba masikio kwa viganja. Nikaona huyu mtoto atarukwa na akili. Nikakuvalisha. Ukanyamaza, ukalala. Ulipoamka ukaniambia hujawahi kusikia mziki kama ule." Akapuliza vumbi kwenye sahani. "Siku ile hata ningekuvalisha bakuli mbili, ungezisifu mpaka leo."

"Wewe hujui mziki."

"Haya, sijui."

Akatoka nje, akasimama karibu na wakata vyuma, kwenye kelele, ambako hakuna mtu angeweza kumwambia neno. Alijisemea kwamba Moza ni mwanamke wa kikoba na mchele. Alijisemea kwamba mtu yeyote anaweza kudanganywa na dada yake, maana dada mtu humwamini. Alijisemea mengi ya namna hiyo, na kila alilojisemea lilikuwa na dharau ndani yake, kwa sababu dharau ndiyo fimbo pekee aliyokuwa nayo ya kuegemea.

Kesho yake baada ya alasiri, mbele ya fremu ya kona, hapakuwa na pa kukanyaga. Mawinga walikuwepo, wapagazi walikuwepo, wauza maji walikuwepo, na watu waliokuja kununua chaji wakasahau chaji. Mzee Saif alikuwa ameketi kwenye kiti cha Hyasinta mwenyewe, kanzu imenyooka, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Tusikawie, nina watu wananisubiri."

Aliyepewa kazi ya kumvalisha alikuwa Abbasi, winga mwenzake, mtu mwenye kucheka hovyo. Hedifoni tatu zilikuwa juu ya kaunta ya kioo, zimefunikwa kwa taulo. Hyasinta alisimama ndani, mikono nyuma. Khalfani akajifunga kitambaa, akaweka viganja magotini ambapo kila mtu angeviona.

Alipovalishwa ya kwanza, watu nyuma yake walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Kisha wimbo ukazima ubishi. Alisikiliza. Ilikuwa taarabu. Alitafuta besi, akaipata; haikuwa na cha kumwambia. Alitafuta mchanga. Akajiambia, hii ni ya Hyasinta, na mchanga ukaja mara moja, mwingi, wa kuchota. Akajiambia, hapana, hii ni ya duka kubwa, na mchanga ukaondoka, fidla zikanyooka. Jasho likamtoka. Alijaribu tena, kinyume chake, na kila alichojiambia, sikio lilikubali kama mtumishi mwoga anayesema "ndiyo bwana" kabla hajaulizwa.

Abbasi akamvua. Ubishi wa mpira ulirudi. Kisha, Abbasi alipoinua taulo kuchukua ya pili, ubishi ulikatika. Ulikatika wote, mara moja. Muuza karanga aliyekuwa akitikisa sarafu zake aliacha kuzitikisa. Mtu alibana kicheko puani. Viatu vilisogea mbele, na nguo zikasuguana, kama watu wanavyosogea wanapoinua simu zao kupiga picha.

Akavalishwa. Alisikia wimbo ule ule.

Ya tatu ilipokuja, nyuma walikuwa wamesharudia mpira, na mmoja alikuwa anaagiza kahawa.

"Haya kijana," Mzee Saif alisema alipovuliwa ya mwisho. "Ipi?"

Angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa fupi. Lakini mbele yake kulikuwa na mji mzima, na nyuma ya kitambaa kulikuwa na Khalfani, na Khalfani hakuwahi hata siku moja kutamka neno lile hadharani.

"Ya pili," alisema. "Kopo halijifichi."

Mlipuko wa kelele ulitikisa vioo. "Sikioooo!" Wengine walimbeba begani, wengine walirukaruka kama waliotabiri wao. Akafungua kitambaa, akawaona. Aliona midomo iliyo wazi, meno, simu zilizoinuliwa. Walikuwa wamemwambia jibu wenyewe, kwa vinywa vyao vilivyofungwa, na sasa walikuwa wanamshangaa kwa kulijua. Hakuwahi kuwadharau watu kama alivyowadharau watu wale, na dharau ile ilipomaliza kuwazunguka wao, ikamrudia yeye mwenyewe na kukaa.

Hyasinta hakulia wala kubisha. Alifungua fundo la kanga kiunoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya kioo.

"Umeipata," alisema. "Nilisema, na nimetoa."

Mzee Saif hakuugusa. Aliusukuma kwa ncha ya kidole, taratibu, upande wa Khalfani. "Mimi simpendi mtu anayekaa nje ya jengo langu akiongoza wateja wangu. Kaa ndani. Fremu hii chukua wewe. Mtu mwenye sikio hilo akiwa humu, jengo zima litaaminika. Mambo mengine tutaongea."

Kelele ziliongezeka. Abbasi alimkumbatia mpaka kitambaa kikamdondoka mkononi. Winga ni mtu wa kusimama kwenye mlango wa mwenzake. Khalfani alikuwa amesimama kwenye milango ya wenzake tangu ndevu zikiwa bado hazijaota, na alikuwa amelala mara ngapi akijichorea mlango wake, kibao chake, jina lake kwa herufi kubwa. Sasa mlango ulikuwa hapa, wazi. Na ndani yake alikuwepo mwanamke ambaye alikuwa tayari ameanza kushusha chaji kutoka ukutani, moja moja, bila haraka, akizipanga kwenye sanduku kwa uangalifu uleule ambao angezipangia mteja.

Uangalifu ule ndio uliomshinda. Kama angetupa vitu, kama angemtukania mama yake, Khalfani angeuchukua ufunguo.

"Mzee," alisema. "Turudie."

"Turudie nini? Umeshinda."

"Turudie bila watu. Geti lishushwe. Nivalishe wewe mwenyewe, na ukimya uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho."

Mzee Saif akawatoa watu wote kwa kuinua mkono. Geti likashuka. Ndani wakabaki watatu, na kelele za nje zikawa mbali. Khalfani akafunga kitambaa. Mzee alikuwa na vidole vikavu, na hakusema neno, wala hakukohoa.

"Ya kwanza," Khalfani alisema walipomaliza. "Ndiyo yake."

Wakarudia, zikiwa zimechanganywa. "Ya tatu." Mara ya mwisho hakungoja hata wimbo ufike katikati. "Hii. Hii ni kopo, hii haina shaka."

"Fungua macho," Mzee Saif alisema.

Alifungua. Mzee alikuwa ameshika hedifoni ya bluu. Ya Hyasinta ilikuwa nyeupe, kama ile ya yule mama iliyozunguka kwenye simu za watu.

"Hii," mzee alisema polepole, "nimeichukua dukani kwa mwanangu Muaz. Mara zote tatu umeniambia duka la mwanangu ndilo linauza makopo."

"Ndiyo."

"Na kule nje uliijuaje?"

"Niliwasikia watu. Ilipoinuliwa ya dada huyu walinyamaza. Muuza karanga aliacha kutikisa sarafu zake."

Mzee Saif akaweka hedifoni chini. Uso wake haukuwa na hasira; ulikuwa na kitu kibaya zaidi, ule utulivu wa mtu anayetazama alichokanyaga. "Kwa hiyo mimi, mjukuu wa aliyejenga nyumba hii, nilikuwa namtoa mpangaji wangu kwa sababu muuza karanga ametuliza mkono."

"Na yule mama wa mwanzo," Khalfani alisema, kwa kuwa alikuwa ameshaanza na hakujua kusimama. "Alinitajia duka na bei kabla sijavaa. Niliambiwa kopo, nikasikia kopo. Halafu nilikuwa nataka kulisikia."

Hyasinta alikuwa bado na chaji mkononi. "Hilo la mwisho nililijua," alisema. "Nilikuwa nasubiri ulijue na wewe."

Geti lilipoinuliwa, Khalfani alisimama mlangoni na kuwaambia watu. Aliwaambia kwa sauti kubwa, wazi, kama alivyozoea kuhukumu. Hawakumwamini hata kidogo.

"Kahongwa!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Kapewa nini huko ndani?"

"Aah, Sikio bwana," Abbasi alisema, amekunja uso kama aliyenyang'anywa chakula mdomoni. "Usituharibie. Tumekuona kwa macho yetu ukiitambua. Na video nimeshaituma kila mahali, watu wanaipenda. Nitasema nini sasa?"

"Sema nilikosea."

"Hukukosea! Tulikuwepo!"

Wakaanza kutawanyika, wakicheka, kila mmoja ameubeba ushindi ambao Khalfani mwenyewe alikuwa ameukana. Wapo waliopita mbele ya fremu wakashika pochi zao, kwa mazoea.

"Unawaona?" Hyasinta alimwambia. "Wanafunzi wako hao. Umewafundisha vizuri."

Mzee Saif aliokota ufunguo, akaurudisha mkononi kwa Hyasinta. "Binti, huu wako. Nilikukosea, na nimelisema. Lakini mimi naishi kwa milango inayoingia watu. Hawa wameondoka wanaamini walichokiamini. Mwezi ukiandama nitapita tena hapa. Nikikuta fremu ina wateja, hutasikia neno langu. Nikikuta wewe na vumbi, itabidi tuongee."

Hyasinta aliupokea, akaufunga tena kwenye kanga. Kisha akamgeukia Khalfani, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilipanda. "Na wewe usiniombe msamaha hapa! Msamaha hauingizi mteja. Umesema ukweli mara moja, mbele ya watu waliokuwa wanataka kwenda kula, sasa unataka nikupigie makofi?"

"Sikuombi," Khalfani alisema. Alisema kwa nguvu, kifua mbele, mpaka Abbasi aliyeshafika kwenye ngazi akageuka kutazama. "Kesho ukija kufungua utanikuta hapa mlangoni pako. Kila atakayepita ameshika pochi kwa sababu yangu nitamsimamisha, nimwambie kwa mdomo huu huu: mimi ndiye Sikio, niliambiwa kopo nikasikia kopo, ingia ujisikilizie mwenyewe. Wakinicheka nitasema. Wakisema umenihonga nitasema. Keshokutwa nitasema, na siku zote mpaka mzee huyu apite akose pa kukanyaga humu ndani. Nakuahidi, dada Hyasinta, mbele yake, na sitanyamaza mpaka wewe mwenyewe uniambie nimekuchosha."